Pakiti ya Maziwa

Kila zamu ilipoanza, kampuni iligawa pakiti ya maziwa kwa kila mfanyakazi wa kinuni, pale mawe ya kutengenezea vigae yanaposagwa. Hakuna aliyejua mambo hayo yalianza lini, lakini yeyote kiwandani, kuanzia mfagizi hadi msimamizi, angekuambia kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani. Barakoa walipewa pia. Ila barakoa ina joto, na ukiivaa utamtania vipi mwenzio mashine zikinguruma? Basi waliishusha kidevuni, wakanywa maziwa, wakaendelea na kazi nyusi zikiwa nyeupe pe.

Kombo aliacha jembe Mwera akaja Tanga kwa kazi hiyo, na aliipenda. Hata siku ya mapumziko alijipitisha sokoni na ovaroli lake la buluu, watu wamwone kwamba naye ni mtu wa kampuni.

Maziwa yake hakuyanywa. Aliyatia mfukoni akampelekea bintiye Saleha, mtoto mdogo aliyekuwa hana afya nzuri. Ndiyo maana kikohozi kilipomshika, kikawa hakimpi usingizi, akajua kilikotoka. Tausi, mkewe, alilia kama aliyefiwa.

“Baba Saleha, kifua chako tumekinywa sie!”

Tangu hapo Kombo akawa anayanywa mwenyewe hukohuko kazini. Mtoto alimpokea mlangoni, akapapasa mifuko, akakuta mitupu, akaangua kilio. Kombo aliona aibu hata kumtazama.

Wakati wa kupimwa vifua ukakaribia. Kiwandani kila mtu aliujua, na aliuogopa kuliko mashine: ukionekana mbovu, unatoka. Na Kombo akitoka atakwenda wapi? Shamba la Mwera lilikwisha kugawanywa na nduguze. Wenzake wakamwonea huruma. Asheri, rafiki yake aliyekulia kwenye kambi za mkonge, akamkusanyia pakiti za wote.

“Kunywa, shehe. Zetu zote zako, mpaka upite.”

Akanywa. Alikunywa mpaka tumbo likamwendesha, akashukuru, maana aliona vumbi ndilo linatoka.

Siku ya kupimwa alipuliza kwenye mashine, akakohoa, akapuliza tena. Daktari, binti mpole aitwaye Sabiha, akamwonyesha picha ya kifua chake.

“Hili vumbi halitoki tena, kaka Kombo.”

“Lakini maziwa nimekunywa, daktari. Mengi!”

“Maziwa yanakwenda tumboni, kaka yangu. Kifuani hayafiki. Kinga ilikuwa barakoa.”

Mie nikimfikiria Kombo hapo napandwa na hasira. Kampuni ile ilikuwa na wahandisi, ilikuwa na wanasheria, ilikuwa hata na mtu wa kumwagilia maua getini, na kwa miaka yote haikupata mtu wa kuwaambia watu wa kinuni neno hilo moja. Pakiti za maziwa, hizo hazikukosekana.

Akaambiwa akabidhi ovaroli. Alitoka na shati lake la nyumbani, lakini hakushika njia ya kwake. Alizunguka nyuma, kwenye uzio wa waya ulio karibu na kinu, kwa sababu jambo moja tu lilibaki moyoni mwake: wenzake wajue, leo hii, kabla hawajavuta pumzi nyingine ya vumbi lile.

Asheri alimwona kutoka mbali. “Shehe! Umepita?”

Kombo akafungua kinywa amwambie. Kikohozi kikamwahi. Kikamkunja, akang'ang'ania waya, macho yakamtoka, sauti hakuna. Akanyanyua mkono akawa anajigusa mdomo, anajigusa pua, mdomo, pua, avae, Asheri avae!

Asheri akadhani anaomba maziwa. Akaja mbio akilipasua wingu la vumbi, barakoa ikining'inia shingoni, akampenyezea pakiti yake kwenye tundu la waya.

“Kunywa, ndugu yangu,” akasema akihema. “Mie nitapata kesho.”