Gome la Mti Uliokwisha Kuhukumiwa

Kila mzinga wa gome unaua mti mmoja. Sentensi hiyo niliipenda mno. Nilikuwa bwana nyuki kijana, nimetumwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Goweko kufundisha mzinga wa mbao, na niliwaeleza watu taratibu: ukibandua gome kuzunguka shina, mti hukauka ukiwa umesimama. Halmashauri ya kijiji ilinielewa kuliko nilivyotaka. Iliamua mizinga yote ya magome ichomwe kabla ya mvua.

Mrina asali mmoja, mtu wa makamo mwenye ulimi mkali, alikuwa na mizinga arobaini msituni na hakuwa na riziki nyingine. Alikuja kutazama mzinga wangu wa mfano.

"Pole na msiba, bwana nyuki. Mnamzika mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kweli ulifanana na jeneza.

"Hebu nieleze, wewe fundi wa kueleza. Mbao hizi ziliota ghalani?"

"Zimetoka kwenye mninga."

"Ukafa?"

"Ulikatwa."

"Ahaa! Wangu unakufa, wenu unakatwa. Na misumari je? Bati? Lori lililozileta, likakwama siku mbili, tukalikatia matawi ya kuweka chini ya magurudumu? Na mzinga wenu ukioza, nani huku atauziba?"

Mimi nilifundishwa kuhesabu gharama ya mzinga tangu unapotundikwa. Yeye alianzia porini, akaufuata mpaka unapooza.

"Lakini mti wako nao unakufa," nilijitetea.

"Unakufa, sikatai. Sasa niambie, kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, gome lake linakwenda wapi?"

Nilijua. Linaungua pamoja na gogo. Tulikuwa tunafyeka msitu mzima ili tukaushe tumbaku, na hakuna aliyetumwa kuyahubiria mabani.

"Basi nipeni gome la mti uliokwisha kuhukumiwa. Mvua zikianza linavulika kama nguo. Nibandue kwanza, ndipo mkate."

Kwenye mkutano nilisimama, nikaeleza upya, safari hii njia nzima.

"Kwa hiyo juma lililopita ulitudanganya?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana, ndugu mwenyekiti. Niliishia katikati."

Amri ya kuchoma ikafutwa: mizinga ya zamani iachwe mpaka ioze yenyewe, mipya itokane na miti inayokatiwa kuni za mabani. Mrina alinipigia makofi peke yake, polepole, kama anavyosifiwa mtoto aliyewahi choo.