Makala ya Mwenzio Haiguswi

Kila shule zinapofungwa mimi hugeuka mtu mbaya. Mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili, nikishamaliza kuwajazia wateja fomu zao na kuwatolea kopi za vitambulisho, hufungua ukurasa wa wiki yetu ya mtandaoni na kuanza kuuliza ni makala zipi bado zinastahili nyota. Sikuiomba kazi hiyo. Niliachiwa na aliyekuwa nayo kabla yangu, aliyesema anaenda kupumzika kidogo, na mpaka leo anapumzika.

Wiki yenyewe ni tovuti ya mashabiki wa tamthilia moja ya anga. Watu wamehama sayari iliyokauka, wanaishi miaka nenda miaka rudi ndani ya meli kubwa inayotafuta mahali pa kutua. Sisi huandika habari zake kwa Kiswahili: sayari, wahusika, mitambo, kila kitu. Ilianzishwa na marafiki waliosoma chuo kimoja, ndiyo maana wengi wetu ni wa hapa hapa Taita Taveta, na nusu yetu ni walimu, ndiyo maana tunasubiri likizo. Makala iliyoandikwa vizuri kupita zingine hupewa nyota ya dhahabu na kuwekwa ukurasa wa mbele. Likizo ikifika tunaipitia upya. Yaliyosemwa humo bado ni kweli? Msimu mpya haujaipinga? Wanachama hupiga kura, nyota ibaki au iondolewe, na kila mtu hutoa sababu.

Hizo sababu ndizo zinazoniumiza kichwa. "Makala nzuri sana, hongera mwenzetu." "Ibaki. Mungu akuzidishie." "Nimesoma nikafurahi." Ungedhani ni kitabu cha wageni harusini. Kuna makala ilisema mwanzoni kwamba nahodha ana watoto wawili, na mwishoni kwamba ana watatu, na ikapata kura zote za kubaki. Nilipouliza kama kuna aliyeisoma mpaka mwisho, nilijibiwa kwamba mwandishi wake amejitahidi, na kwamba tusivunjane mioyo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tovuti ya namna hii imetengenezwa ili yeyote aweze kurekebisha chochote. Unaona kosa, unabonyeza, unalisahihisha, unaendelea na maisha yako. Watu wetu hawabonyezi. Mama mmoja wa Werugha, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ana jicho ambalo halipitwi na kitu. Akiona kosa katika makala ya mtu hunitumia mimi ujumbe wa faragha. Ataanza na salamu, aje kwenye ukungu uliokataa kuondoka, kisha ng'ombe aliyekataa kula, halafu mwishoni kabisa anasema hataki kuingilia, lakini mlango wa chumba cha mitambo uko kushoto, si kulia. Nilimwambia mara nyingi aurekebishe mwenyewe. Siku moja akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kwao ukuta wa mawe wa tuta la jirani ukianguka, unamwendea nyumbani kumwambia. Ukiuinua mwenyewe, hata kwa wema, kesho utaulizwa mpaka umeusogeza wapi.

Nikamwambia hii si shamba. Akanijibu kwamba ni sawa, lakini si lake.

Nilitamani kuwacheka, ila niliogopa pia. Tuliwahi kuwa na mwandishi mzuri wa Mghange. Shabiki mgeni, sijui wa wapi, aliingia katika makala yake akabadilisha sentensi moja, tena kwa haki kabisa. Mwandishi wetu akamshukuru kwa adabu, akamtakia heri, na hajaandika tena neno hata moja. Tangu hapo nami nikawa sigusi. Nanung'unika tu.

Ndipo ikaja habari ya mwalimu wa Kasigau.

Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima kwangu, na makala yake kuhusu ile sayari iliyokauka ndiyo bora kuliko zote tulizo nazo, zangu zikiwemo. Ameieleza ardhi ile kama mtu aliyeilima. Anaeleza jinsi wenyeji wanavyotandaza vitambaa kukinga umande, wanavyogombana kuhusu kivuli, mtoto anavyofundishwa kunywa kwa kulamba kiganja. Wageni wengi wanaofika kwetu huletwa na makala hiyo. Lakini inaanza hivi: sayari hii, ukiacha umande, haina maji hata tone. Msimu mpya ukatoka, na katika kipindi cha kwanza kabisa ukaonyeshwa mto chini ya ardhi ya sayari hiyo hiyo, mto mzima, na watu wanaogelea.

Likizo ya kwanza nilimwandikia kwa kuzungukazunguka: salamu, habari za shamba, na kama ameuona msimu mpya aiguse makala yake. Alijibu kwamba ndovu wameshuka wakamaliza mahindi, na kwamba mtandao wa kutazamia vipindi hana, ila atajitahidi. Likizo ya pili nikamwandikia tena. Ndovu walikuwa wamerudi. Wanachama wote walipiga kura nyota ibaki, na mama wa Werugha akaongeza kwamba tumwombee mwalimu mvua.

Mimi ningeutia mto ule kwa dakika kumi, na nywila ninayo. Lakini nikiutia, nitampoteza kama tulivyompoteza yule wa Mghange. Nikiacha nyota mahali palipoandikwa uongo, basi nyota zetu zote ni peremende za kugawia watoto. Nilikasirika mpaka nikawa namjibu vibaya mteja aliyetaka tu picha ya pasipoti. Nikaamua mwezi wa nane hakuna huruma: asiporekebisha, nyota inatoka.

Mwezi wa nane alikuja mwenyewe. Alikuwa na shughuli zake mjini Voi, akapita dukani kwangu kunisalimu, viatu vyekundu kwa vumbi. Nikamsogezea kiti karibu na feni, nikaagiza chai na mandazi, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na hotuba ya kumjibu ninayo.

"Ondoa tu hiyo nyota, dada," akasema. "Kama mto uko, uko."

Hakuna kinachoudhi kama kujiandaa kwa vita na adui akakupa kiti. Nikamuuliza kwa nini basi alinisumbua likizo mbili nzima. Akasema hakujua nasumbuka. Alidhani naulizia hali tu. Nikamuuliza kwa nini wanachama hawakumwambia. Akasema wangemwambiaje, na ndovu walikuwa shambani? Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia kwamba adabu yetu hii itatuua, kwamba ni afadhali mtu aambiwe kosa lake usoni kuliko kupambwa nyota asiyostahili, na kwamba mimi, kwa mfano, ningependa kuambiwa.

Akairudisha chai yake mezani.

"Ungependa kweli?"

Nikasema ndiyo, tena kwa sauti ya juu kidogo.

"Ile makala yako ya daktari wa meli," akasema. "Mama yake hakukufa, dada. Yuko jikoni pale kwa meli. Msimu wa pili. Anamenya viazi."

Nilicheka. Makala ya daktari ndiyo iliyonipa nyota yangu ya kwanza. Nimeeleza humo jinsi alivyomwacha mama yake kwenye sayari kavu, na jinsi mama alivyokufa peke yake. Aya tatu nzima ambazo watu walinipongeza kwazo. Nikafungua msimu wa pili papo hapo, nikamgeuzia skrini. Alinielekeza kipindi. Na kweli, daktari anaingia jikoni, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani anainua uso kutoka kwenye beseni la viazi na kumwita mwanangu. Nilikiruka kipindi hicho. Sikumbuki kama ni stima zilipotea nikabaki gizani, au ni mimi sikuwa na nguvu ya kutazama.

Mkuki kwa nguruwe. Nikamuuliza ni nani mwingine anajua.

"Wote tunajua."

"Na mmekuwa mkipiga kura ibaki?"

"Ulikuwa umetoka kuzika," akasema. "Tuliona vile umeandika. Sasa tungekwambia nini? Tukasema tungoje kidogo. Halafu ikapita miaka, na jambo kama hilo likishapita miaka halina mahali pa kuanzia."

Mama yangu alifariki mwaka ule. Niliandika makala ile baada ya matanga, mchana, hapa hapa dukani, kwa sababu sikuweza kukaa bure na sikuweza kuzungumza na mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna aliyeniona humo. Nilitaka kuwakasirikia wote, na hasira ilikuwepo, tele, lakini haikupata wa kumshika.

Nikamwambia afute aya zile tatu. Akasema si yake. Nikamwambia namruhusu, mimi mwenyewe, mwenye makala, kwa sababu mimi sitaweza. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja.

Akaisoma aya ya kwanza, ile ya daktari kupanda melini bila kuaga. "Nifute?" Nikasema futa. Akafika ya pili, ya kaburi lisilo na mtu wa kuling'olea magugu. "Hii nayo?" Nikasema futa, na asiniulize tena, nimeshampa ruhusa, kwani tuko hapa kutwa nzima? Akasema sawa. Kisha akafika ya tatu na akasimama.

Aya ya tatu inasema kwamba kila jioni mama yule alimwekea mwanawe chakula pembeni, akakifunika kwa sahani iliyopinduliwa, hata siku ambazo mwana hakusema atakuja. Na kwamba tangu afe, daktari amekula vyakula vingi mahali pengi, lakini hakuna tena aliyemfunikia.

"Hii ya sahani," mwalimu akasema polepole, "sikuiona kwa tamthilia."

"Haimo."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Mbele kulikuwa na mteja anayegonga meza kwa sarafu akitaka kopi, na sikuinuka.

"Nifute?"

"Hiyo iache," nikasema.

Akaniangalia juu ya miwani, kwa sababu alijua kama ninavyojua mimi kwamba makala yenye jambo lisilokuwepo haiwezi kuwa makala bora. Nikachukua kipanya mkononi mwake na kuitoa nyota yangu.