Nilimshukuru kila mtu kwenye barua ya kuaga kazi, nikamsahau aliyenificha miaka sita

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii imenipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Mnaotaka kucheka mapema mnaruhusiwa.

Mimi ni Mkenya wa Bungoma. Nilifanya kazi Kampala miaka sita, stoo ya vipuri vya mashine za kusaga, pale Nakivubo. Nikapata kazi nyumbani, nikaandika notisi.

Sasa nina ugonjwa mmoja: nikishika kalamu najiona msomi.

Wenzangu wote waliotangulia kuondoka waliacha message ya mistari miwili, "thanks for everything", basi. Mimi nikasema siwezi kuondoka kama mtu anayeshuka bodaboda. Nikaandika kurasa mbili. Tena kwa Kiswahili, na nusu ya ofisi ni Waganda ambao Kiswahili kwao ni lugha ya askari. Hapo mjue nilikuwa najiandikia mwenyewe.

Nilishukuru wote. Bosi, mhasibu, madereva, mafundi wetu wa Katwe. Nilishukuru hata printer, kwa "uvumilivu wake". Nikaichapa, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, nikasimama kando kusubiri watu walie.

Hakuna aliyelia. Dereva mmoja alisoma mstari wa kwanza, akauliza soda ziko wapi.

Aliyekuja kwa heshima zake ni Mama Zaituni, mama wa Kinubi aliyekuwa akitupikia chai na kufagia ofisi. Shule hakwenda. Akaibandua ile barua, akanipa.

"Mwanangu, wanasema umeandika watu wote. Nisomee."

Nikaanza kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kufika katikati, jasho likanitoka.

Jina lake halikuwemo.

Wakuu, huyu ndiye aliyeniletea uji mpaka chumbani kwangu Luzira nilipolala na malaria wiki nzima. Huyu ndiye ambaye kila nikichelewa, bosi akiuliza, alimjibu, "Yuko chooni." Miaka sita! Wiki ile ya mwisho bosi alinivuta kando, akanishauri nikapimwe tumbo.

Na mimi nimeishukuru printer.

Ikabidi nitunge pale pale, macho yangu yakiwa kwenye aya ya madereva.

"Na Mama Zaituni alikuwa mama yangu katika mji ambao sikuwa na mama. Nilipougua nikashindwa kushika kikombe, yeye alinishikia."

Ile sauti ya redio ilikuwa imeniisha; hapo sikuwa naigiza.

Akanisogelea. "Rudia hapo."

Nikarudia. Yakatoka maneno mengine kabisa. Kikombe kikawa bakuli.

"Sawa. Nipe hiyo karatasi. Binti yangu atanisomea nyumbani."

Hapo ningependa kuwa chooni kweli.

"Ngoja mama, nikutolee nakala safi." Nikakimbilia kompyuta. Kabla sijaandika mstari, umeme ukakatika.

Nikachukua kalamu ya wino mezani kwa mhasibu, nikayaandika yale maneno pembeni mwa ukurasa, herufi zikipandana. Nikamrudishia huku natabasamu kama mwizi wa kuku.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole pale pembeni, akakitazama. Kimekuwa cha buluu.

"Mwanangu," akasema, "kusoma sijui. Wino mbichi naujua."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikusahau."

Aliinamisha kichwa, akapuliza yale maneno taratibu mpaka yakakauka. Ndipo akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Funzo nililopata: kama unaandika kuaga kazini, usianze na mkubwa wa ofisi. Anza na yule ambaye ungekwama bila yeye. Wengine wote watauliza soda.

Nanyi mliowahi kumsahau mtu wa namna hii, leteni yenu hapa tuaibike pamoja. Wa kunitukana naye apange foleni, nimejiandaa.