Helmeti Iliyopitia Kichwani Kwangu

Mke wa mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Bulyaga, na tangu aolewe hapa kwetu Mpuguso hajawahi kumwona mume wangu usoni. Sitanii. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani, hawasalimiani, na alichotumia mmoja mwingine hakigusi. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao kochi moja wanaangalia televisheni. Huyu wangu hapana. Huyu mama yake alimfunda huko Kyimo akafundika, na mzee wangu naye ndiyo hivyo hivyo. Mzee akitaka kutoka nje anakohoa kwanza, kikohozi kama cha mbuzi aliyekwamwa na ganda la ndizi, na binti akikisikia anajitupa migombani, hata kama ana ndoo ya maji kichwani.

Sasa wanaongeaje? Wanaongea kwa mdomo wangu. Binti ananiambia, "Mama, mwambie baba mlango wa banda la ng'ombe nimeshauchomelea." Nakwenda kwa mzee, nasema vilevile, kwa kile kisauti chembamba chake. Mzee anajibu kwa sauti ya kutoka tumboni, "Mwambie ndaga, asante sana, ila bawaba inalia." Narudi kwa binti na lile tumbo. Watu wanasema huyu bibi anapenda kuigiza watu. Napenda, ndiyo, lakini nyumbani kwangu ni kazi, na haina likizo.

Shida yenyewe ilianzia machoni. Binti alikuwa anatumia kile kioo cheusi cha kushika mkononi. Mkono mmoja kioo, mkono mwingine kijiti cha kuchomelea. Ukishaweka kioo usoni huoni kitu, hujui hata chuma kiko wapi, kwa hiyo anachungulia kwanza kwa macho matupu, anagusisha, cheche inaruka, ndipo kioo kinafika usoni. Kimeshachelewa. Ukifanya hivyo mara moja si neno. Yeye alifanya kutwa nzima, siku zote, mpaka macho yakavimba kama yameng'atwa na nyuki. Akawa analala na vipande vya viazi vibichi machoni, ananiambia, mama, ni kama nimemwagiwa mchanga wa moto. Hospitali akakutana na daktari kijana, anaongelea puani. "Dada, ukiendelea hivi, utakuja kushikwa mkono kuvuka barabara."

Mwanangu mimi yuko Chunya machimboni, anatukumbuka akipenda. Kwa hiyo wajukuu zangu wanakula na wanasoma kwa hayo macho mawili ya mama yao. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si jingine.

Mafundi wenzake wakamwambia zipo helmeti za kuvaa kichwani zinazojitia giza zenyewe. Ukizivaa unaona kawaida, unapanga chuma chako kwa mikono yote, cheche ikiruka tu kioo kinakuwa cheusi chenyewe, ikizimika kinarudi cheupe. Nikasema basi, hela ya parachichi zangu ipo, ingawa ni kidogo. Yeye kwenda dukani hawezi, mwanga tu wa mlangoni unamliza. Akanituma mimi. Mimi kusoma sijui, anayenituma ananijaza maneno kichwani kama anajaza debe. "Mama, usiangalie urembo. Uliza betri inabadilishwa au haibadilishwi. Uliza kama kuna kitufe cha kuongeza giza. Na vile vijicho vya mbele vinavyoona cheche, visipungue viwili."

Nikafunga hela kwenye ncha ya kanga, nikapanda mjini Tukuyu na mvua yangu.

Kijana wa duka la vifaa ana sauti ya kukwaruza, kama anapiga msasa. Nikamwambia nataka helmeti. Akapanda kwenye ngazi, akaniletea ya bodaboda. "Hii itakukaa poa, bibi, ina mpaka kioo cha upepo." Nikamwambia mjukuu wangu, mimi na umri huu unataka nikabebe abiria wa Kyimo? Nataka ya kuchomelea, ile inayojitia giza yenyewe. Akaniangalia kuanzia kanga mpaka ndala. Kisha akacheka, kisha akaona sicheki, akashusha helmeti tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya kitajiri. Vijicho vinne, dirisha pana kama la benki. Aliponitajia bei nikaishika ile ncha ya kanga isije ikasikia. Nikaisukuma pembeni.

Ya pili ndiyo niliyoipenda. Nyeusi, nyepesi, haina kelele, bei naiweza. Nikauliza betri. Akasema, "Hii haina stresi ya betri, bibi. Inakula jua." Nikageuka nikaangalia nje. Mvua ilikuwa inapiga bati, na ukungu umeshafunika mpaka nguzo za umeme. Nikamuuliza, inakula jua lipi? Akasema hata ile cheche yenyewe inaishibisha. Haya, na ndani haina betri kabisa? Ipo ndogo, lakini imefungiwa humo humo. Ikifa? Akakuna shingo. "Ikifa, bibi, si unakuja tu tunakuuzia nyingine." Nikaiweka chini taratibu kama mtoto wa mtu. Nzuri hivyo, halafu jua lenyewe huku kwetu likitoka watu wanaitana kulianikia mahindi.

Ya tatu ina vijicho viwili, kitufe cha giza kiko pembeni, na ubavuni ina kijimlango, unavuta kwa ukucha betri inatoka, unaweka nyingine. Bei karibu sawa na ya pili. Kila nilichotumwa kinacho. Ila mbele wamechora fuvu la mtu, meno yote nje, moto unatoka machoni.

Nikasema, hakuna ya hivi isiyo na maiti? Hakuna, zimebaki za fuvu tu, vijana ndizo wanazopenda. Nikamwambia mume wangu ni mzee wa kanisa. Akasema, "Sasa kwani atavaa yeye?" Hilo neno nililikumbuka baadaye, nikamlaani yule kijana bure.

Nikataka kwanza nione inavyojitia giza. Akachukua kiberiti cha gesi, akawasha mbele ya vijicho. Kioo kimya. Akawasha tena, kimya, akaunguza kidole. Akasema kiberiti hakina nguvu, inataka cheche ya kweli au jua. Kuna fundi ng'ambo ya barabara, tukatoka na mwamvuli mmoja, tukakuta umeme umekatika na fundi amelala juu ya mageti yake. Tukarudi. "Basi subiri jua kidogo," akasema. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nasubiri jua. Tukuyu, mwezi wa nne. Nilisubiri mpaka makalio yakafa ganzi, wateja wanaingia wanauliza yule bibi ana nini, kijana anajibu anasubiri jua, wanacheka wote. Mwishowe nikalipa. Akaniambia, "Isipofanya kazi irudishe. Ila hii nailoni ya mbele ya kioo usiibandue. Ukibandua, sikujui hunijui."

Nyumbani nikaiweka juu ya meza ya barazani, nikaifunika na taulo, nikamwambia kila mwenye masikio asiibandue nailoni. Binti alikuwa ndani na viazi vyake machoni. Nikaenda bustanini nyuma kuchuma mboga.

Na jua nalo, kwa ukorofi wake, likatoka.

Nikasikia mtu anasema peke yake mbele ya nyumba, sauti imezibwa kama anaongelea ndani ya mtungi. "Giza. Mwanga. Giza. Mwanga." Nikazunguka ukuta na mboga zangu. Mzee wangu amesimama katikati ya uwanja, fuvu kichwani, moto machoni, anageukia jua, anageukia migomba, anageukia jua. Nailoni iko miguuni pake, kuku anaidonoa.

Kabla sijafungua mdomo, binti naye katokea mlangoni. Viazi ameviweka chini, anakinga macho kwa mkono. Alisikia sauti asiyoijua, akaona mtu mzima amevaa helmeti yake mpya, akadhani ni fundi mwenzake wa Bulyaga amekuja kumtania. Akamwendea mpaka usoni. "Wewe, nani kakuambia uivae? Ivue. Sijaivaa hata mimi."

Kwa miaka yote ya ndoa yake hawajawahi kusimama karibu hivyo. Mzee akaganda. Mikono ikapanda, ikashuka, hajui avue aonekane uso au abaki nayo. Mwishowe akafanya kitu kimoja tu anachokijua. Akakohoa.

Kile kikohozi cha mbuzi, ndani ya helmeti, kilisikika mpaka kwa jirani. Binti aliruka, sijui aliruka vipi, nikaona tu majani ya migomba yanayumba na kandambili moja imebaki uwanjani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomaliza kucheka ndipo nikaanza kuelewa, na hasira ikaja palepale nilipokuwa nimekaa. Alichovaa baba mkwe, mke wa mwana havai. Na dukani hairudi, nailoni iko tumboni mwa kuku. Hela ya parachichi imekwisha, macho yanauma vilevile, na helmeti yenye kila kitu ipo juu ya meza, haina mwenyewe.

Jioni nikaanza safari zangu za mlango kwa mlango. Binti: "Mama, mimi siwezi. Kichwa cha baba kimeingia mule. Nikivaa nitamwambia nini mama yangu?" Mzee: "Mwambie nilitaka kuipima tu, asije akauziwa takataka. Mwambie ni nzuri. Giza lake linakuja upesi." Nikampelekea. Binti: "Mwambie baba nashukuru, lakini aichukue yeye." Mzee: "Mimi nikachomelee nini?" Nikasema tutaiosha kwa sabuni. Hapana. Tutabadilisha ule mkanda wa kichwani, nitashona mwingine wa kitenge. Hapana, uso wake ulikuwa mule ndani, alipumua mule. Nikamwambia binti, una macho ya kupofuka unachagua pumzi. Akainama, akalia, na kulia kwenyewe kunamuuma.

Siku ya pili asubuhi akaenda kibandani kwake Bulyaga na kile kioo chake cha mkononi, kwa sababu kuna mtu na madirisha yake anayadai. Jioni alirudi anapapasa ukuta wa nyumba. Mtoto wake mdogo ndiye aliyemwongoza mpaka jikoni.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa na hawa watu wawili. Nikakaa na helmeti mapajani, nimenuna, nawaza. Miaka yote hii maneno ya mzee yanamfikia binti, yanafikaje? Yanapita kwangu. Akichinja kuku, paja la binti linatoka mkononi mwa mzee linaingia mkononi mwangu, kisha linakwenda. Kuni alizopasua yeye nazibeba mimi. Hakuna anayesema paja lile ni la baba mkwe. Likishapita kwangu ni langu.

Basi nikaivaa.

Nilikaza kile kigurudumu cha mkanda wa nyuma, ikanibana masikio, nikaanza kazi zangu. Nikafagia uwanja na fuvu. Nikamenya ndizi za mchana na fuvu, kioo kikiona jua kinanitia giza nakata kidole, natukana, naendelea. Mama wa jirani, yeye ana kisauti cha kifaranga, akaja kuomba chumvi. Akapiga kona ya nyumba, akaniona, akasema, "Yesu," kwa sauti ndogo sana, akarudi alikotoka. Chumvi hajaja kuichukua mpaka leo. Mzee alitoka ndani, akaniangalia, akataka kusema, nikamgeuzia moto wa macho, akarudi kulala. Shingo iliniuma, jasho likanitiririka mpaka mdomoni, ugoro wangu nikashindwa pa kuupitishia. Kutwa nzima. Niliivua giza lilipoingia lenyewe, la kweli.

Nikaenda nayo chumbani kwa binti, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Hii ni yangu. Nimeivaa mimi, nimeitolea jasho mimi. Mama mkwe wako anakupa. Sema sasa kama na jasho langu nalo huwezi."

Aliipokea. Macho hayafunguki vizuri, kwa hiyo akaipapasa, kijimlango cha betri, kitufe, vijicho. Akaipeleka puani, akanusa ndani.

"Mama, inanuka ugoro."

"Inanuka mimi."

Akaivaa pale pale kitandani, akakaa nayo. Macho yalipotulia akaanza kuifanyia kazi. Yale madirisha kayamaliza, na viazi vimerudi kwenye sufuria. Nilikwenda kibandani mara moja kumwona, mikono yote miwili inafanya kazi, fuvu limeinama juu ya chuma, cheche zinaruka, na yeye haruki.

Nilidhani na mimi sasa nitapumzika. Jana mzee kanishika kanga mlangoni, ile sauti ya tumboni. Eti nimuulize, kitufe ameweka namba ngapi, kwa sababu yeye siku ile aliona giza lilikuwa limezidi. Nikaenda. Binti kasema, mwambie baba nimepunguza kidogo, aliona sawa. Nikarudi. Mzee kasema, mwambie na betri asisahau kuibadilisha kabla ya mvua nyingine.

Nimemwambia nitakwenda kesho. Taya zinaniuma.