Dada yangu alimwitia mtoto wangu watu wa maombi kwa sababu amenyamaza

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii nimeikalia zaidi ya miaka ishirini na mitano na bado nikiikumbuka damu inachemka. Sijaongeza chumvi popote.

Ilikuwa Desemba, miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Tena, Eastlands ya Nairobi. Mimi karani wa reli, mke wangu, na binti yetu Nekesa wa miaka sita.

Mliokulia Eastlands mnaijua Desemba ya watu wa kutoka magharibi mwa Kenya. Kila ndugu anayeenda nyumbani Krismasi lazima kwanza atue kwako. Mwaka huo tulilala watu kumi na mmoja kwa vyumba viwili. Redio kutwa nzima, watoto wa majirani wamejaa kutazama TV, na kila mgeni akiingia Nekesa anaitwa aje aimbe na kusema aya aliyofundishwa Sunday school.

Mtoto akaanza kulia ovyo na kukataa chakula.

Basi nikamfundisha kitu. Tulikuwa tunakaa sakafuni nyuma ya pazia la chumba cha kulala, anafunga macho, anaweka mkono tumboni na kuhesabu pumzi hadi kumi, kisha anaanza upya. Siku hizi wanaita mindfulness na wanaiuza kwa simu. Mimi nilikuwa nabahatisha tu. Lakini alirudi kula, na kelele zikizidi akawa anaenda huko mwenyewe.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Dada yangu mkubwa, Rosa, alimkuta pale mara mbili, macho amefunga na akiitwa haitiki, akaniuliza mtoto ana nini. Niliona aibu kumwambia kwamba mimi, mwanaume mzima, nakaa chini na mtoto kuhesabu pumzi. Nikasema sijui.

Ijumaa natoka kazini nakuta viatu vya kina mama vimejaa mlangoni. Ndani, wanawake saba wa kikundi cha maombi wamemzunguka Nekesa kwenye stuli, mikono kichwani mwake, wanakemea kwa sauti. Mmoja anapiga kayamba. Mtoto ameziba masikio. Mke wangu alikuwa ametumwa sokoni, na mpaka leo naamini alitumwa makusudi.

Rosa akanizuia. "Ngoja kwanza. Huyu mtoto ako na pepo ya ububu, na inakaribia kutoka."

Nilimnyakua mwanangu. Niliwaambia maneno ambayo moderator hawezi kuyaacha hapa, nikawafukuza wote na kayamba lao. Rosa alienda nyumbani akatangazia ukoo mzima kwamba napinga maombi. Mimi naomba hadi leo, wakuu. Upuuzi ndio naukataa.

Jioni hiyo Nekesa akaniuliza, "Daddy, kunyamaza ni dhambi?"

Nikamwambia hapana, kwani si mimi ndiye nilimfundisha?

Akaniangalia. "Sasa mbona hukuwaambia?"

Rosa nilimkasirikia mwaka mmoja hivi. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe, kwa sababu Nekesa hakukaa tena nyuma ya lile pazia, hata jioni nilizokaa pale peke yangu nikimngoja.

Mzazi, wageni wakijaa mpe mtoto kona yake ya kutulia. Halafu waambie wote nyumbani, wazi wazi, kwamba wewe ndiye umempa.

Nyinyi watoto wenu mlikuwa mnawaficha wapi Desemba? Na anayeona nilimkosea dada mkubwa heshima aandike pia, leo niko na nguvu ya kujibu.