Mgeni wa Mchanganyiko wa Alasiri

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua viatu. Nilikuwa nimeviazima kwa shemeji yangu ili nionekane mtu, na njia nzima vililia kila nilipokanyaga. Mkurugenzi, Mtaliana mnene aliyejifuta jasho kutwa, alivitazama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini: "Viatu nje. Hapa maikrofoni nasikia yote." Basi nikaanza utangazaji miguu mitupu, na hivyo ndivyo nilivyotangaza mpaka nilipostaafu. Ninyi vijana mnaokunywa soda mbele ya maikrofoni mnanikera sana, lakini hayo tuyaache.

Ulikuwa wakati wa Mtaliana wa pili, yule aliyerudi baada ya vita kututunza miaka kumi mpaka tupate bendera yetu. Kituo chetu cha Kismayu kilikuwa vyumba viwili nyuma ya forodha. Cha kwanza kilikuwa cha mitambo, na humo alikaa Fundi Mkuu, Msomali wa Mogadishu, mtu wa maneno machache. Cha pili ndicho cha matangazo. Kuta zake zilitundikwa magunia ili sauti isirudi, na mezani palikuwa na maikrofoni, mashine mbili za sahani za santuri, na mtambo wa kurekodi wenye magurudumu mawili. Gurudumu la kushoto lilitoa ukanda, la kulia likaupokea, na ukanda ulipokwisha ncha yake ilipigapiga hewani mpaka mtu azime. Kati ya vyumba palikuwa na kioo. Upande wa Fundi palikuwa na kipimo, sindano nyembamba iliyoruka sauti inapoingia na kulala pakiwa kimya.

Kipindi changu kiliitwa Mchanganyiko wa Alasiri, na kilianza watu wakishatoka kusali. Nilipewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeipenda miziki yote kwa pamoja. Nilizaliwa kisiwani Chovai. Mama alikuwa mwimbaji wa vugo, zile nyimbo za harusi ambazo wanawake huziimba wakipiga pembe za nyati, na babu yangu aliimba vave kila alipovuka kwenda kufyeka shamba barani, kwa maana kwetu shamba halikuchomwa moto kabla halijaimbiwa. Nilipoletwa Kismayu kusoma nilikaa kwa mjomba. Jirani wa kulia alikuwa Mhindi wa nguo aliyepiga nyimbo za sinema tangu asubuhi. Wa kushoto alikuwa Mhadhrami na udi wake. Ng'ambo ya njia Wasomali walikaa wakiimbiana mashairi yao ya mapenzi, na kambini askari wa Kitaliana walifanya mazoezi ya tarumbeta. Sikuweza kusoma juzuu bila kutafuta mdundo ndani yake, na mwalimu wa chuo cha Kurani alinichapa kwa hilo mpaka akachoka yeye. Ukiniuliza ujana wangu ulikuwaje, sikumbuki sana nilikula nini. Nakumbuka nilichosikia.

Sasa nieleze ufundi wetu mmoja, kwa kuwa ndio ulioniponza. Mkurugenzi hakutaka msikilizaji ajue kuwa anasikilizishwa ukanda. "Mtu napenda mgeni," aliniambia. "Wewe mwambie mgeni yuko hapa, nakaa, nakunywa kahawa." Kwa hiyo nilipokwenda visiwani kurekodi, sikurekodi nyimbo tu. Nilimrekodi mwimbaji akijibu: sijambo, alhamdulillahi, ahsante nishakaribia, naam huu nautoa kwa watu wa kwetu. Kisha kituoni niliuliza maswali kwa sauti yangu, nikauachia ukanda ujibu kwa yake. Niligonga kikombe, nikavuta kiti. Nilijivuna kwa ufundi huo. Wazee wa mjini walikuja mlangoni kumsalimu mgeni ambaye wakati ule alikuwa kwake kisiwani akipara samaki.

Huko, kisiwani Koyama, nilimrekodi Bakari, mpiga zumari. Sijasikia zumari kama lile tena. Alikuwa mtu wa mzaha, mwembamba, mashavu yakivimba kama maandazi akipuliza. Mkewe Mize alituletea uji wa tangawizi akauacha kizingitini bila kuonekana. Nakumbuka Bakari alimwita "mwenye nyumba", maana kwetu mume hamtaji mkewe kwa jina mbele za watu.

Mwaka uliofuata Bakari alialikwa kisiwa cha Ngumi kwenye harusi. Aliondoka peke yake asubuhi kwa kidau. Kidau kilikutwa kimetia nanga mbele ya Ngumi, tanga limekunjwa, kata ya maji imejaa, zumari limo ndani ya mfuko wake limefungwa vizuri. Mwenyewe hakuwamo. Walimtafuta siku nyingi, wala hawakupata hata kofia.

Mize akawa si mke wala si mjane. Hana maiti, kwa hiyo hana eda. Hana eda, kwa hiyo hawezi kuolewa wala kurithi wala kulia kama watu wanavyolia. Kakaye, Kombo, alimpeleka kwa Kadhi wa Kismayu. Kadhi alimpangia muda wa kungoja habari, akasema kwamba muda huo ukipita bila mtu kumwona wala kumsikia Bakari, atahukumiwa kuwa amekufa. Mambo hayo ya kwa Kadhi mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba Bakari alipotea.

Alasiri moja mgeni wangu wa kweli, mpiga udi, hakufika. Fundi alinionyesha vidole vitano kwenye kioo: dakika tano. Nilifungua kabati nikavuta ukanda wa kwanza uliokuja mkononi, nao ulikuwa wa Bakari. Nilisita, wallahi nilisita. Kisha nikajiambia kwamba zumari zuri halina kosa, na nitamtaja kwa heshima kama marehemu. Lakini taa nyekundu ilipowaka ulimi ukaenda ulikozoea. "Mgeni wetu leo ni Bakari wa Koyama, ndiyo kwanza anaingia. Hujambo, Bakari?"

"Sijambo, alhamdulillahi," ukajibu ukanda.

Huwezi kumtoa mgeni uliyekwisha kumkaribisha mbele ya watu. Nikaendelea. Akapiga. Hata Mkurugenzi alitoka ofisini akasimama kwenye kioo kusikiliza. Wimbo ukaisha, ukanda nao ukaisha, ncha ikaanza kupigapiga. Nilinyosha mkono nikazima mtambo, magurudumu yakasimama. Zilibaki sekunde chache, na kwa kuzijaza tu nikauliza kama nilivyouliza siku zote: "Una salamu zozote kwa watu wa kwenu?"

Nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikioni. Nilisikia mtu akivuta pumzi, kama aliyetembea mbali. Kisha akasema, si kwa nguvu: "Hodi." Akangoja. "Hodi, Mize."

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema karibu. Namshukuru Mungu haukusema.

Taa ilipozimika Fundi Mkuu aliingia akiwa na jasho usoni. Aliutazama mtambo uliolala, akanitazama mimi. "Umeongea wewe?" Nikamwambia sikuongea. "Sindano imeruka," akasema. "Imeruka mara mbili." Mwezi huohuo aliomba uhamisho kurudi kwao Mogadishu, na alipopewa hakuniaga.

Koyama kulikuwa na redio moja ya betri, ya mwenye duka, na kisiwa kizima kilikaa barazani kwake alasiri hiyo. Walimsikia Bakari akisema hajambo. Walimsikia akipiga. Walimsikia akimwita mkewe kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mize, aliyekuwa nyuma ya ukuta wa makuti, akaanguka. Kulipokucha walifunga safari yeye na Kombo wakaja moja kwa moja kituoni.

"Twambie mchu yuko wapi," alisema Kombo kwa lugha yetu ya visiwani, ambamo mtu ni mchu na kuja ni kuya. "Mchu kaya hapa kwako, kanywa kahawa, kamwacha mkewe. Yuko wapi?"

Niliwaeleza ukweli wa ukanda. Kombo hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Mize alikuwa kwenye buibui, simwoni uso, ila mikono yake ilishika ukingo wa meza yangu. Aliniambia neno moja tu: "Zilikuwa zimesalia siku nane, kaka."

Ndipo nilipoambiwa habari za Kadhi. Siku nane zilibaki awe huru, nami nikampa mashahidi arubaini kwamba mumewe yu hai.

Kadhi aliniita barazani kwake, nami nikabebesha mtambo kwa hamali mpaka pale. Wazee wa Koyama walikaa upande mmoja kwenye mkeka. Mize alikaa ndani nyuma ya pazia. Niliwapigia ukanda wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Wazee walisikia hujambo yangu haimo na sijambo yake imo, wakaanza kuelewa, wengine wakanitazama kama mwizi wa kuku. Lakini mzee mmoja, imamu wao, aliinua mkono.

"Haya ya zumari tumeyakubali, Sheikh. Na ile hodi? Ile haimo humu. Sisi sote tumeisikia."

Kadhi alikuwa mtu mpole, mwenye macho mabovu. Alinigeuzia uso. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Nani alipiga hodi?"

Nitasema wazi nilichofikiri, maana nimekuwa mtu mzima na sina wa kumwogopa. Nilifikiri kwamba nikisema kweli, mwanamke huyu atangoja mpaka afe. Hakuna Kadhi atakayemhukumu kuwa amekufa mtu aliyesikiwa na kisiwa kizima bila ukanda. Na nilifikiri pia: je, kama yu hai mahali? Kama amelala kwenye kisiwa kisicho na watu, au ametekwa akapelekwa Arabuni, nami namzika kwa ulimi wangu? Nilifikiri yote mawili kwa wakati mmoja na nikaogopa yote mawili.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwigiza. Nilifanya mzaha."

Mnajua maana yake? Nimemtaja mke wa mtu kwa jina mbele ya pwani nzima, na mume wake amepotea baharini. Kombo alinitemea mate yakaangukia mguu wangu. Kadhi akaleta msahafu, nikaapa juu yake kwamba sauti ile ilikuwa yangu.

Siku nane zikapita. Kadhi akahukumu, Mize akakaa eda, hitima ikasomwa Koyama kwa mtu asiye na kaburi. Siku ileile ya kiapo, kabla hawajarudi kisiwani, nilipokuwa nafunga mtambo, Mize alisema nami kutoka nyuma ya pazia: "Alikuwa akiniaga, si ndiyo?" Nami, niliyekwisha kuapa uongo, sikuona tabu ya kuongeza mwingine. "Alikuwa anakuaga," nikamwambia. Lakini mtu anayeaga hapigi hodi. Yeye alijua na mimi nilijua.

Mkurugenzi hakunifukuza. "Wewe napoteza sauti yako," aliniambia, akimaanisha kwamba hakuna atakayeniamini tena, akanipeleka ghala la sahani. Kipindi alipewa kijana wa mjini aliyependa tarumbeta peke yake. Miaka mitatu nilipanga santuri na kufuta vumbi, na Mchanganyiko ukafa kwa kukosa mchanganyiko. Bendera yetu ilipopanda nilihamishiwa Mogadishu, chini ya Mkuu wa Vipindi aliyenirudisha kwenye maikrofoni. Nilirusha miziki ya kila kabila miaka mingi, lakini tangu siku ile sikumwambia msikilizaji kwamba mgeni yupo ikiwa hayupo. Wakubwa wangu waliona ni ukaidi. Mmoja aliandika kwenye jalada langu kuwa sina ubunifu.

Nilistaafu nikarudi Kismayu, kwenye nyumba ya mjomba. Mhindi amekwenda, Mhadhrami amekufa, na mtaa una kelele za mashine ya kusaga tu. Kazi yetu ni ya ajabu, vijana wangu. Seremala anaacha kiti. Sisi tumeacha upepo. Wakati mwingine nakaa najiuliza ni watu wangapi waliocheza, waliolia, au walioozana kwa sahani niliyoichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Halafu namkumbuka mmoja.

Mwaka jana mmoja huyo alikuja. Nilisikia salamu mlangoni, nikamwona kikongwe ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa Mize. Baada ya eda aliolewa na fundi wa vyombo vya baharini, akazaa watano. Alikaa, akanywa kahawa ya kweli kwenye kikombe cha kweli, akaniuliza afya. Nilitaka kumwomba radhi kwa aibu niliyomtia, na nikaanza, lakini akanikata.

"Haikuwa sauti yako, kaka."

"Haikuwa," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo, nikatokwa na machozi bila kutaka.

"Nalijua. Hodi yake naliisikia kila alasiri tangu alipopotea. Hupiga mara mbili, nami huinuka nikafungua mwango, hakuna mchu. Wenzangu wakasema nina wazimu. Siku ile ndipo walipoisikia na wao."

"Na bado ulikubali kiapo changu? Ulijua ni uongo, Mize. Huenda alikuwa hai."

Alizungusha kikombe mkononi. Binti yake alikuwa uani akizungumza na wajukuu zangu, hakutusikia.

"Huenda," akasema. "Lakini nalikuwa nimechoka kufungua."