Skii Pana za Mtu Mkubwa

Ile mizani ilikuwa kwenye kona, nyuma ya rafu ya glavu, na hadi leo nikiona mizani ya aina ile, yenye sahani ya chuma na mshale mwekundu, hugeuza uso. Mimi ni muuguzi. Nimepima watu hata idadi siijui. Lakini mizani iliyonivua nguo mbele za watu ilikuwa ya duka la vifaa vya theluji, katikati ya London, Jumamosi mchana, na sisi tulikuwa tumeenda kumnunulia mume wangu skii.

Najua mnashangaa. Skii ni zile mbao ndefu nyembamba ambazo Wazungu hujifunga miguuni wakateleza nazo mlimani, na mume wangu ni mtu wa Nakuru, ambaye baridi ya Julai ya kwao ilikuwa inamtosha kabisa. Ila alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, na kila majira ya baridi alibeba mifuko mirefu ya abiria wanaokwenda milimani, hadi ikamwingia hamu ya kujua kuna raha gani huko. Wenzake kazini walikuwa na safari yao ya kila mwaka. Mwaka wa kwanza walimchukua kwa utani. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha.

Shida ilikuwa mwili wake. Mita moja na sentimita tisini na sita, kilo mia moja ishirini na sita: alizitaja namba hizo kama mtu anavyotaja ukoo wake, nami nilizisikia kwa raha, maana kwetu mume akinawiri anayepongezwa ni mke. Skii zake za kwanza tulizinunua mitumba, kwenye soko moja la Jumapili karibu na kwetu Hounslow. Tulizichagua kama tulivyozoea kuchagua suruali za mitumba nyumbani, kwa macho, kwa urefu, na kwa kuwa hazikuwa na doa. Zilikuwa nyembamba. Kwenye theluji iliyoshindiliwa zilimbeba vizuri, lakini akiingia kwenye theluji laini alizama hadi magotini, na wenzake wakampita wakicheka. Alirudi nyumbani na maneno mawili tu: nataka pana.

Fundi wa duka lile alikuwa mtu mzima, mwembamba, penseli sikioni, na alitupokea bila ile sura tuliyozoea kuonyeshwa madukani. Alimtazama mume wangu kuanzia viatu hadi kofia, akaanza kutufundisha. Mtu mrefu na mzito, alisema, anahitaji skii yenye upana chini ya buti, ili uzito usambae juu ya theluji badala ya kuitoboa. Zile zetu za mitumba zilikuwa na milimita sitini na tano hapo katikati. Yeye alitaka themanini na tano. Tena ziwe ngumu, maana laini zitabonyea chini ya mtu kama huyu kama godoro la zamani, na ziwe ndefu, zimfike angalau puani. Alileta jozi tatu akaziegemeza ukutani. Mume wangu alizizunguka na kuzipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilimwona amefurahi, nami nikafurahi.

"Uzito?" fundi akauliza, fomu mkononi. Akatueleza kwamba kile kibanio kinachoshika buti kina springi, na springi hukazwa kufuatana na uzito wa mtu. Ikikazwa kupita kiasi, mtu akianguka buti halichomoki, na kinachovunjika ni goti.

"Mia moja ishirini na sita," mume wangu akasema kwa Kiingereza chake cha kazini.

Fundi hakuandika. Alimtazama tena, mara hii polepole, akamwuliza kwa adabu alipimwa lini mara ya mwisho.

Nikawaka. Nilidhani ni yale yale, kwamba Mwafrika haaminiki hata kwa kilo zake mwenyewe. Nikamwambia mimi ni muuguzi na huyu ni mume wangu, aandike. Nilisema kwa sauti iliyomfanya mama mmoja aliyekuwa akijaribu miwani ya theluji ageuke. Fundi hakukasirika. Alisema hataki mtu avunjike goti kwa sababu ya fomu yake, na akatuonyesha ile mizani.

Mume wangu akanigeukia. "Sista, twende home," akasema. Sista ndilo jina alilonitania nalo tangu nikiwa chuo cha uuguzi. "Hii duka iko na madharau. Tutatafuta ingine."

"Haki hatuendi," nikamwambia. "Mzee, panda hapo uwaonyeshe. Vua koti."

"Na koti iko na shida gani?"

"Vua."

Akavua koti. Chini yake kulikuwa na sweta. Akavua sweta, chini yake kulikuwa na sweta nyingine, na chini ya hiyo fulana nzito ya kazini. Nilianza kucheka. Kisha nikauona mshipi wake. Ncha yake ilikuwa imezunguka hadi karibu na mgongo, na alikuwa ameutoboa matundu mapya manne kwa msumari, kila moja limekaa kombo. Akapanda. Mshale ulikwenda, ukarudi, ukatulia kwenye mia moja na mbili.

Nikasema mizani ni mbovu. Nikapanda mwenyewe, na viatu na mkoba na yote, nikakuta uzito wangu uleule ninaoujua. Kilo ishirini na nne zilikuwa zimetoka nyumbani kwangu na mimi sikusikia mlango. Tulikuwa tukifanya kazi zamu tofauti, tunapishana kwenye korido, huyu anaingia na koti na yule anatoka na koti, na siku nyingine tulisalimiana tu mlangoni. Nikamtazama shingo, nikaona mishipa. Sikumbuki kushtuka vile hata siku niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki.

Fundi alizichukua zile jozi tatu akazirudisha kwenye rafu, moja moja. Alisema kwa uzito huu zile ngumu hazimfai, na kama ni yeye angemwona daktari kwanza. Hakutuuzia kitu.

Kwenye treni ya kurudi Hounslow tulikaa bega kwa bega. Hasira yangu ilikuwa nyingi kuliko hofu. Nilimwuliza tangu lini. Tangu Agosti, akasema. Ile mizani yetu ya bafuni, aliyoniambia imeharibika, aliitupa ikiwa nzima.

"Na skii ulikuwa unanunua za nini?"

"Mtu anakufa hanunui skii," akasema.

Hapa lazima nieleze, kwa walio wadogo na kwa waliojisahaulisha. Miaka ile, kwetu, kukonda kulikuwa na maana moja tu, ukimwi. Tulikuwa tumezika ndugu, majirani, walimu wetu, na wote walianza hivyo, kwa suruali kupwaya. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake umekonda. Ilikuwa kama kumwambia akapimwe jeneza. Ukiona, unanyamaza. Unamsalimia kwa uchangamfu zaidi. Unapeleka chakula nyumbani kwake. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu nikakumbuka kwamba juu ya friji yangu kulikuwa na sufuria tano za akina mama wa kanisa letu la Kilburn. Tangu Oktoba walikuwa wakiniletea githeri, chapati, matumbo, wakinishika mkono muda mrefu na kuniambia Mungu yupo. Nilidhani wananihurumia kwa ajili ya zamu nyingi. Kumbe kanisa zima lilikuwa limeshamzika mume wangu, na mimi nilikuwa nawaambia asanteni.

"Nilijua ni hiyo," mume wangu akasema. Alikuwa akiongea na sakafu ya treni. "Ya zamani, before nikujue. Na nilijua nimekupea."

Nikamshika mkono wa koti.

"Kila Sunday ukivaa nilikuwa nakuangalia mgongo. Nilikuwa nangoja nione kama na wewe umeanza."

Ndipo nikaielewa ile nyama. Miezi yote ile, kila tulipobahatika kula pamoja, alikuwa akihamisha nyama kutoka sahani yake kuileta yangu, akisema kula, mama, kula, nami nilikuwa nikimgombeza kwamba anataka nishindwe kuingia kwenye sare ya kazi. Nililia pale pale. Watu wakajificha nyuma ya magazeti yao, na sisi tukapitiliza kituo chetu.

Jumatatu daktari alimchoma kidole. Kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imezidi kipimo chake. Akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari, na mimi nipo, mke wake, ninayewachoma vidole watu kumi kwa zamu! Kiu yake niliiona, chupa zake za maji nilizikanyaga sakafuni nikamwita ngamia, safari zake za chooni nilizisikia. Dalili hizo nazieleza kwa jamaa za wagonjwa kila wiki, polepole, ili wasikose hata moja. Aibu hiyo sijapata mahali pa kuiweka.

Tuliomba pia kile kipimo kingine, sote wawili, tukangoja majibu siku nane ambazo sitaki hata adui yangu azipitie. Hatukuwa nayo, yeye wala mimi. Nilipoambiwa, nilimpiga mume wangu ngumi ya kifua, ngumi ya kweli, kwa ile miezi minne aliyolala kando yangu akinihesabia siku bila kuniambia. Yeye alicheka na kulia kwa pamoja. Majira ya baridi yaliyofuata alikuwa amerudi hadi kilo mia moja kumi na tatu, kwa sindano na kwa chakula cha kupimwa, na tukarudi kwa fundi yule yule. Alimpa za milimita themanini. Alipanda mizani bila kuambiwa, na bila sweta.

Lakini kabla ya hizo skii kulikuwa na sufuria. Jumapili iliyofuata baada ya majibu niliziosha zote tano, nikazitia kwenye mfuko mkubwa, nikaenda nazo Kilburn. Wakati wa matangazo nikasimama.

"Mume wangu amekonda," nikasema.

Wa mbele wakatazamana. Wengine waliinama kana kwamba nimetukana.

"Mmemwona nyinyi nyote. Mimi ndiye sikumwona, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia. Ni sukari. Angekufa na sukari huku tukikula chapati zenu." Nikazipanga sufuria mbele, moja baada ya nyingine. Mchungaji akakohoa. Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa najiona nina haki yote ya kuwa nayo, kwa hiyo sikungoja chai.

Nikiwa kituo cha basi, mama mmoja alinifuata mbio mbio. Hatukuwa marafiki wa karibu. Sufuria yake ilikuwa ile ndogo ya githeri, na alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "wangu pia amekonda."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeona juzi, na sasa baada ya wewe kusema sukari ndio nimefikiria vizuri. Labda ni mwezi mmoja."

Haikuwa mwezi mmoja. Nilikuwa nimemwona mumewe tangu Juni, akipitisha kikapu cha sadaka, kola ya shati imemwacha shingo, na nilichofanya mimi, muuguzi, ni kumpelekea mke wake mandazi.